Wiki Sita Bila Kujikuna

Ninyi wauguzi wa siku hizi mna simu, nami siwaonei wivu sana. Juzi nilipita kwenye kile kituo cha afya cha Katuba nilichokizeekea, nikamkuta mmoja wenu anampiga picha mama mmoja mkono. Picha ikaenda kwa wenzake. Kabla yule mama hajashusha mkono wa blauzi yake, majibu yalikuwa yamerudi: huyu anasema mzio, huyu anasema fangasi, mwingine anasema ukurutu, na wa nne ameweka tu kile kiuso kinachocheka. Nikamuuliza kijana wetu kama amemgusa mgonjwa. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikia bibi yake akiulizia bei ya sabuni ya zamani.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Msiogope, sikuja kuwaumbua, kwa sababu katika habari hii wa kuumbuliwa ni mimi. Katuba wananiita Mama Docta. Mimi si daktari, ni muuguzi. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nawasahihisha watu, halafu nikachoka, halafu, niseme kweli, nikaanza kulipenda jina. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Kwanza niwaeleze jambo lenyewe. Kuna ngozi inayoitwa kwa Kifaransa kératose pilaire, jina refu kwa kitu kidogo. Nyumbani tunasema ngozi ya kuku, maana inafanana na kuku aliyenyonyolewa manyoya. Kila kinywele cha mwili kina mlango wake. Kwa watu wengine ngozi kuukuu haianguki vizuri, inajikusanya mlangoni, inakuwa kifuniko kidogo kigumu. Vifuniko vikiwa mia kwenye mkono mmoja, unapata ngozi ya kukwaruza, nyuma ya mikono juu ya kiwiko, kwenye mapaja, na kwa watoto hata mashavuni. Haiambukizi wala haiui. Haiponi pia, inatulia tu, na umri ukisogea inapungua yenyewe. Ni kitu cha kawaida kabisa. Ukienda kanisani Jumapili umekaa nacho benchi moja.

Kuna mwalimu mmoja alikuwa anakuja kwangu kila mwaka mwezi wa sita, ule mwezi ambao baridi ya hapa Lubumbashi inapasua midomo na vumbi linalala hata ndani ya sukari. Mikono yake ilikuwa inakwaruza. Kila mwaka alikuwa anajaribu dawa mpya ya marafiki, na kila mwaka mvua zikianza alikuwa anapata nafuu, kisha anaisifu dawa ya mwisho aliyoitumia. Mwaka mmoja ilikuwa mafuta ya kukaangia samaki. Mwaka mwingine ilikuwa kuacha bia, na mkewe akaniomba nisimwambie ukweli. Sikumwambia.

Aliyenifundisha kazi hii aliitwa Papa Théophile. Baba yake alifanya kazi ya reli, na yeye alituendesha sisi wauguzi wachanga kama mabehewa: ukichelewa, unavutwa. Siku yangu ya kwanza alinifunga macho kwa bandeji na kunipa mkono wa mgonjwa. Nikaushika kwa kiganja. Akanipiga kidogo kwenye vidole. Kiganja, alisema, kimeshakufa kwa kutwanga na kupiga deki, hakisikii kitu. Tumia mgongo wa mkono. Basi nikapitisha mgongo wa mkono, na kweli nikasikia vijiwe vidogo vidogo, vikavu, vimejipanga sawasawa, kila kimoja mahali pake. Upele wa kuwasha haujipangi hivyo. Upele una njia zake, unakimbilia katikati ya vidole, kwenye vifundo, kiunoni, na unawasha usiku mpaka mtu anaimba.

Baada ya kugusa, alikuwa na maswali matatu. Ilianza lini? Inawasha usiku? Nyumbani nani mwingine anayo? Hakuwa na la nne. Alisema kuuliza si ujinga, ujinga ni kujijibu mwenyewe. Nilicheka sana siku ile, na baadaye nikayafundisha maneno hayo kwa wengine miaka na miaka, na sauti yake nikaiiga.

Sasa msikilize namna mtu anavyoweza kufundisha kitu miaka na miaka kisha asikifanye.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu, mwezi wa sita. Wiki ile tulikuwa tumeletewa upele wa kweli, upele wa bweni la wanafunzi, watoto wanajikuna kutoka mlangoni. Foleni imefika barabarani. Katikati ya foleni akaingia msichana anaitwa Solange, mshonaji, nyumba yao iko avenue mbili kutoka kwangu. Watu wa Mitwaba hao, Wakatoliki, babu yao aliletwa na kazi ya mgodi. Akapandisha mikono ya blauzi. Mikono imewiva, myekundu kwenye vipele, mahali pengine imechubuka. Akaniambia inamwasha kidogo na kwamba anaolewa mwezi wa tisa.

Mimi niliangalia kwa macho tu. Macho yangu yalikuwa yameona upele tangu asubuhi, yakaona upele tena. Sikugusa wala sikuuliza. Kama ningeuliza, angeniambia kwamba rafiki yake mmoja alimshauri ajisugue kwa kipande cha tofali na chumvi ili awe laini siku ya harusi, naye alikuwa amejisugua siku nane mfululizo. Tofali, watoto wangu. Kuna watu wanaosugua miguu kwa tofali, sawa, mguu umezoea mambo. Mkono wa bibi harusi haujaomba tofali.

Nikaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri ambao wote mnausifu: gale. Upele. Na kwa upele sheria yetu mnaijua, hatumtibu mtu mmoja, tunatibu parsele nzima, kila mtu anayelala ndani ya ua ule. Nikawapa chupa za dawa ya kupaka, nikamwagiza mama yake achemshe mashuka na atoe magodoro yote juani.

Mama yake ni mtu mtiifu. Watu kumi na mmoja walipakwa dawa kutoka shingo mpaka kidole cha mguu, pamoja na mpangaji mmoja aliyekuwa amekuja tu kutafuta chumba. Mashuka yalichemshwa kwenye pipa. Magodoro saba yalisimamishwa kwenye ukuta wa mbele, upande wa barabara. Mkitaka kutangaza kitu Katuba, hamhitaji redio. Simamisheni godoro juani mwezi wa sita, wakati hakuna mvua iliyolilowesha. Kufikia jioni avenue yote ilikuwa inajua kwamba nyumba ya Solange ina upele, na kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika mtaa wa Hewa Bora.

Hewa Bora ndiko walikokaa watu wa mchumba. Mchumba alikuwa Muhindo, kijana wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Kivu Kaskazini, watu wa duka la jumla na malori, walokole, wachapakazi. Mzee wa mambo kwao alikuwa shangazi yake, Mama Masika. Mama Masika akatuma neno kwamba harusi isimame mpaka ijulikane msichana ana ugonjwa gani, na kwamba Muhindo asikanyage Katuba. Muhindo hakukanyaga. Alituma maua, yale maua ya ndani ya simu, yasiyo na harufu.

Wiki tatu baadaye Solange akarudi kwangu na mama yake. Dawa yangu ilikuwa imemchoma mahali alipojichubua, mikono ilikuwa mibaya kuliko mwanzo. Watu wengine kumi wa parsele, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajikuna. Siku ile foleni ilikuwa fupi, na aibu ilikuwa imeshaanza kunipanda, basi nikapitisha mgongo wa mkono. Vijiwe vidogo, vikavu, vimejipanga. Nikauliza vilianza lini. Tangu anasoma la nne. Vinawasha usiku? Hapana, vinawasha akijisugua. Nyumbani nani mwingine anavyo?

Mama yake akapandisha mkono wa sweta yake taratibu mpaka begani.

"Hata miye niko nabyo, Mama Docta. Na mama yangu alikuwa nabyo. Haukuniuliza."

Nimetukanwa na walevi, nimetapikiwa, nimepigwa na mwanamke anayejifungua. Hakuna kilichoniuma kama lile "haukuniuliza", kwa sababu alilisema kwa upole.

Muuguzi mwingine angefanya nini? Angempa mafuta, angemwambia Mungu atasaidia, na karatasi ya kwanza ingepotea. Niliwaza hivyo, msidhani mimi ni malaika. Jioni nikaenda kwa Papa Théophile, alikuwa bado hai, amekaa mlangoni anamenya maharagwe. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka bakuli likamtoka mapajani. Halafu akaniambia kwamba kosa la karatasi linafutwa pale karatasi ilipofika, na kwa kuwa yangu imefika Hewa Bora, basi nauli ninaijua.

Nikaenda siku ya Jumamosi, na Solange na mama yake, nimevaa sare yangu nyeupe ili nionekane mtu. Mama Masika alitukaribisha vizuri, chai na mkate, watu wa kwao hawamwachi mgeni na njaa hata kama wanataka kumfukuza. Muhindo alikuwa amekaa karibu na dirisha. Nikasimama, nikasema mbele ya wote kwamba niliandika vibaya, kwamba huyu binti hana upele, ana ngozi aliyozaliwa nayo, na mama yake anayo pia. Mama Solange akaonyesha mkono wake kama ushahidi.

Mama Masika akaangalia mkono wa mama, akaangalia wa binti, akasema basi ndiyo inaambukiza, maana tayari ni wawili.

Nikaeleza tena, damu, ukoo, vinywele na milango yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama, mi niko muntu wa soko. Muntu akinipimia bunga na kilo ya bongo mara moja, sirudi tena ku kilo yake. Leo nitaamini kilo gani, ya kwanza ao ya pili?"

Alikuwa na haki, muuza unga akikupunja mara moja humrudii. Kilo yangu ilikuwa ya uongo, na aliyepunjwa alikuwa Solange. Nikaona msichana anaivuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole, na nikajua kwamba tukitoka pale hivihivi hataolewa hapo, na avenue itasema ilijua. Nikamuuliza Mama Masika yeye angeamini nini.

Akasema kama mimi mwenyewe ninaamini, nilale na Solange. Blanketi moja, wiki sita. Kila Jumapili baada ya ibada atakuja kunikagua. "Ukijikuna, njo tutajua."

Ninyi wenye shule nzuri mtaniambia kwamba kipimo hicho hakipimi kitu, kwamba hata kama upele ungekuwapo, dawa ingekuwa imeshauua. Najua. Nilijua hata pale nilipokaa. Lakini aibu niliyokuwa nimeitengeneza haikutoka kwenye kitabu, na sikuona kitabu cha kuiondoa. Nikakubali.

Basi Solange akahamia kwangu. Mimi mjane, kitanda kilikuwa kikubwa. Niwaambie moja: msichana yule anavuta blanketi. Nimelala na mume miaka ishirini na nane, mwanamume mnene, hakuwahi kuniacha wazi namna ile.

Nikamtibu sawasawa sasa. Tofali tulilitupa. Maji ya vuguvugu, siyo ya moto hata kama baridi inakudanganya. Sabuni kidogo, isiyo kali. Unajipangusa kwa kugusagusa, husugui, na ngozi ikiwa bado ina unyevu unapaka mafuta mazito, hapohapo, kabla hujaenda kutafuta kandambili zako. Pakiwa na krimu ya kulainisha ngozi ngumu, yenye urea, ni vizuri, isipokuwapo mafuta ya kawaida yanatosha. Hakuna limau, wala krimu za kujichubua rangi, hizo zinaharibu mpaka kisichokuwa na kosa. Na unamwambia mgonjwa tangu siku ya kwanza kwamba vitalainika, havitaisha. Ukimwahidi vitaisha, umeandika karatasi nyingine ya uongo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutojikuna. Jaribuni saa moja tu. Sikujua kwamba mwili wangu una sehemu nyingi hivyo za kuwasha. Pua iliwasha wakati wa misa, kisigino kiliwasha sokoni. Majirani walikuwa wanapita kwangu bila sababu, wanasalimia mikono yangu. Jumapili ya nne Mama Masika amekaa kwangu anakunywa chai, mimi kwenye kibenchi mkabala naye, sisimizi akaanza kunipanda mguuni. Nikamsikia anapita goti. Mama Masika anasimulia bei ya mafuta ya lori. Sisimizi akafika pale ambapo heshima inanizuia kusema, akauma. Nikacheka kwa nguvu, na Mama Masika akafurahi, akadhani simulizi yake imenichekesha, akaianza upya.

Alinikagua vizuri yule mama, siyo kwa dharau. Nilimfundisha mahali pa kutazama, katikati ya vidole, kifundo cha mkono, kiunoni, na Jumapili ya tatu alikuwa ameshanipita. Angezaliwa Katuba ningemfanya muuguzi.

Lakini si vyote vilikuwa vya kucheka. Asubuhi moja kulikuwa na joto, baridi imeshapita, Solange amekaa kwenye cherehani yake na sweta ya mikono mirefu, jasho linamdondokea kwenye kitambaa. Nikamwambia aivue, tuko wawili tu. Hakuinua macho.

"Mbele nilikuwa nataka ngozi iwe laini tu, Mama. Nyuma ya karatasi yako, njo nilianza kuificha."

Nilitoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nililia, ndiyo. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekaa sebuleni anashona.

Jumapili ya sita Mama Masika hakuja peke yake. Alikuja na Muhindo, suti mpya, na wazee wawili, na mbuzi wa mahari nyuma ya gari. Mama Solange alikuwapo pia. Mama Masika akanikagua kwa mara ya mwisho mbele ya watu, kidole kwa kidole, kisha akasimama akasema kwamba yeye akikosea anasema, kwamba Mama Docta hana kipele, binti hana ugonjwa, na harusi iwe mwezi wa tisa kama ilivyopangwa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikajikuna shingo papo hapo, polepole, kwa raha zangu zote, na hata Mama Masika akacheka.

Solange hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi. Akamshukuru Mama Masika, kwa heshima, akipiga goti kidogo. Kisha akasema:

"Miye balinipima. Mama Docta balimupima. Muhindo, nani alimupima?"

Akaendelea kwa sauti ileile kwamba kwa wiki zaidi ya kumi Muhindo hakufika hata mlangoni, kwa hiyo naye Muhindo atapimwa wiki sita. Kila Jumapili aje Katuba, kwa miguu yake, akae naye nje upande wa barabara, watu wamwone. Akishindwa, mbuzi arudi.

Muhindo alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mama Masika akanigeukia mimi. Sasa kilo yangu ilikuwa nzuri tena, neno moja tu kutoka kwangu, binti angelegea, ni mtoto msikivu. Mama yake naye alikuwa ananiomba kwa macho. Nikajifanya sijui wananitazamia nini.

Muhindo alikuja Jumapili zote sita. Harusi ilifungwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Nilialikwa, nilikula, nilicheza. Lakini mkiniuliza siku ninayoikumbuka katika kazi yangu yote, si ile. Ni pale mlangoni, Solange alipomaliza kusema akabaki amesimama, mikono wazi. Vipele vilikuwa bado viko, vyote, na yeye hakuwa anavifikiria.